Viraka vya Kinywa cha Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa Kaka. Hali si hali. Ile dripu kali anayopewa hospitali kwa ajili ya ugonjwa wa damu imemchoma kinywa chote. Vidonda kwenye ulimi, kwenye fizi, ndani ya mashavu. Vyeupe katikati, vyekundu pembeni. Nilihesabu mpaka tisa, nikaacha, maana alikuwa amechoka kupanua mdomo.

Haongei. Kaka! Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja ndani ya kile chumba cha kioo pale stesheni akitangaza treni. Mji mzima unaijua sauti yake. Watu wakiisikia walikuwa wanaanza kukimbia, hata wasio na safari. Sasa anaandika kwenye daftari, neno moja moja, kwa herufi kubwa kama za ubao wa stesheni. Uji umepoa mbele yake. Kijiko kikigusa ulimi machozi yanamtoka, naye anageukia ukutani tusimwone.

Shemeji, mkewe, aliniita koridoni. Daktari kasema akizidi kupungua uzito, dripu inayofuata hapewi. Na asipopewa... Akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Kisha akasema jambo. Kwamba yule dada mfamasia wa hospitali kamweleza kuna viraka vya dawa za mitishamba vinavyobandikwa juu ya kidonda, humo humo kinywani. Vinakifunika, vinatoa dawa polepole, mgonjwa anakula. Ila vimeisha. Wameagiza. Wiki moja, labda mbili.

Vinavyobandikwa! Nusura niruke. Mimi ni fundi jalada. Miaka ishirini na sita nabandika vitabu, rejista na madaftari ya ofisi. Nani mjini hapa anajua kubandika kunishinda mimi?

Nimemweleza mke wangu. Akasema mdomo wa mtu si kitabu. Nikamjibu kwamba nao una majalada mawili na unafunguka. Hakucheka. Akasema anachohitaji Kaka ni mtu wa kushinda naye mchana, Shemeji akiwa kazini.

Hanielewi. Kaka hajawahi kuniambia nimefanya vizuri. Hata mara moja, na mimi nina miaka hamsini na mbili! Safari hii atasema. Na atasema kwa sauti ile ile ya stesheni. Nitairekodi kwenye simu. Litakuwa tangazo la viraka vyangu. Nani atabisha?

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi kwa muuza mitishamba. Aliuliza dawa ni ya nani. Nikasema ya mteja. Akauliza mteja anaumwa nini. Nikasema siri ya kazi. Akaniangalia kwa huruma, akanipa jani la mshubiri refu kama mkono wangu, akanionya kwamba ni chungu mno. Nikamwambia najua. Sikujua.

Jikoni. Sufuria ya mke wangu, ile ndogo ya maziwa. Wanga wa muhogo, maji, utomvu wa mshubiri. Gundi yangu ya vitabu ni wanga huo huo. Panya wanaila na wananenepa, kwa hiyo ni chakula. Nikapaka kwenye shashi, kile kitambaa chepesi ninachobandika mgongoni mwa vitabu. Nikaanika kwenye kamba ya nguo. Kilipokauka nikatoboa vidude vya mviringo kwa kitoboleo changu cha ngozi. Arobaini na vinne! Vimelingana kama vifungo vya shati.

Mke wangu kaulizia sufuria yake. Nimemwambia sayansi bado inaihitaji. Kasema sayansi ikanunue ya kwake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevijaribu mwenyewe kwanza. Sitaki kusikia kwamba nilimfanya Kaka panya wa maabara.

Saa tatu asubuhi, karakanani. Kimoja chini ya ulimi, kimoja ndani ya shavu. Uchungu! Uchungu wa kupanda mpaka masikioni. Nikajikaza kisabuni. Kisha nikataka kuvitema. Havitemeki! Kile cha chini ya ulimi kikalegea, kikahama, kikaenda kukutana na mwenzake shavuni. Vikashikana. Ulimi wangu ukabaki upande wa kushoto.

Hapo ndipo akaingia karani wa mahakama na rejista kumi na mbili. Mteja wangu wa miaka tisa. Akauliza zitakuwa tayari lini. Nikajibu Jumatano. Kilichotoka hakikuwa Jumatano. Akauliza tena. Nikajitahidi zaidi, udenda ukadondokea rejista ya kesi za ardhi. Akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kama nimelewa asubuhi yote hii. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote. Hapo akadhani ni kiharusi, akakimbia kumwita kinyozi wa mlango wa pili. Kinyozi akaja na ujuzi wake. Akasema nivuliwe viatu. Nikavuliwa viatu.

Mke wangu aliitwa. Maji ya uvuguvugu, kijiko, nusu saa. Karani kaondoka na rejista zake. Kanishauri nipumzike. Nimemsikia nje akimuuliza kinyozi kama anamjua fundi mwingine.

Lakini tuseme ukweli: vinabandika! Kilichobaki ni uchungu tu. Nitatia asali.

Mke wangu anasema Shemeji alipiga simu kuuliza kama ningeweza kushinda kwa Kaka leo. Ningewezaje? Sikuwa na viatu.

Jumamosi, 8 Machi

Asali imeleta sisimizi. Nimeamka nikakuta viraka vyangu vinatembea ukutani, kimoja nyuma ya kingine, vinaelekea dirishani. Nimeokoa kumi na vitano.

Nikaenda navyo kwa Kaka mbio mbio. Shemeji aliviangalia, akasema tungoje vile vya hospitali. Nikamuuliza mpaka lini. Akamwangalia Kaka, akaangalia bakuli la uji, akanipisha. Nikanawa mikono mpaka viwiko. Kaka akapanua mdomo mwenyewe. Alinitazama muda wote, kama mtoto anavyomtazama mtu anayemtoa mwiba. Nikabandika vitatu. Pole pole, kwa ncha ya kidole, kama ninavyobandika ukurasa uliochanika wa kitabu cha zamani.

Machozi yakamtoka. Nikafikiri ni furaha. Akachukua daftari. Akaandika:

CHUNGU.

Sawa, nimekubali, asali haijatosha. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akanishika mkono wa shati. Akaandika tena, kwa herufi kubwa zaidi:

KAA.

Moyo ukanilipuka. Kaa! Kaa la moto! Viraka vinamchoma kama makaa! Nikavibandua palepale kwa maji ya uvuguvugu, nikamwomba radhi, nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitavirekebisha leo leo. Alitaka kuandika kitu kingine. Sikungoja. Nimekimbia mpaka nyumbani, sijakimbia hivyo tangu ujana.

Mshubiri nusu. Asali mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Toleo la pili. Nimevifungia ndani ya chupa, sisimizi wamekosa.

Kaka amekonda tangu jana. Au ni mwanga wa dirisha. Saa inamzunguka mkononi kama bangili. Nikabandika viwili tu. Hakulia. Akameza vijiko vitatu vya maziwa baridi. Vitatu! Nikamuuliza anaonaje. Akaandika:

KAA.

Akaipigia mstari chini. Mistari miwili.

Bado vinamchoma, masikini, na anavumilia asiniudhi. Kaka hajawahi kunivumilia hivi. Ugonjwa umemlainisha. Nimeondoka haraka kabla sijalia mbele yake. Nilipofika getini nikageuka. Alikuwa dirishani, kasimama, kashika pazia. Nikampungia mkono. Naye kanipungia, lakini kwa ndani, kama mtu anayeita.

Jumanne, 11 Machi

Hospitali, kumwona yule mfamasia. Nilitaka tu kuujua ushindani. Ni binti wa miaka kama thelathini, koti jeupe limepigwa pasi mpaka lina makali. Nitamwita Koti Jeupe. Nilijitambulisha kama mtafiti.

Vile viraka vimefika leo! Kanionyesha kimoja. Chembamba kuliko ganda la kitunguu. Angavu. Kina vijiherufi vidogo vya kampuni pembeni, mtu asiyevaa miwani hawezi kuviona. Upande mmoja unanata, mwingine hauna shida na ulimi. Nilikishika kwenye mwanga. Miaka ishirini na sita ya kubandika, na sijawahi kutengeneza kitu kama kile. Nilimchukia kidogo.

Nikamwambia kuna mtu mmoja ninayemfahamu anatengeneza vya kwake nyumbani. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa wanga, mshubiri, asali na shashi. Akasema hakuuliza vinatengenezwa kwa kitu gani, ameuliza kwa sababu gani, na kwa ajili ya nani. Nikasema kwa mgonjwa wa damu. Akaweka kalamu chini.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alieleza taratibu kwamba mtu anayepewa dripu ile damu yake haina askari. Kijidudu ambacho mimi na yeye tungekipiga chafya tu, kwake kinaweza kuwa safari ya mwisho. Jikoni mwa mtu, kitambaa cha vitabu, kamba ya nguo... Akaviangalia vidole vyangu, vina gundi iliyokauka kwenye kucha. Akasema, "Mwambie huyo mtu mmoja aache leo. Na mwambie mgonjwa kama huyo anafarijika sana na mtu wa kukaa naye."

Kanipa boksi la Kaka nimpelekee. Thelathini ndani.

Sijala chakula cha mchana. Nimemwaga chupa yangu chooni. Nimeiosha sufuria mara tatu, kisha nimeitupa.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala na wazo, nimeamka nalo.

Boksi lenyewe ni baya. Maandishi mengi, picha ya mdomo usio na mwenyewe. Mgonjwa anahitaji kitu kinachotoka kwa mtu wake. Kwa hiyo nimevitoa viraka kwa kibano safi, na mikono nimenawa kama daktari wa upasuaji, nikavitia ndani ya pakiti zangu za karatasi. Juu nimeandika kwa mwandiko wangu bora: VIRAKA VYA FARAJA. Si uongo. Ni jalada jipya. Ndiyo kazi yangu.

Vinne nimebaki navyo, kama sampuli. Vinne tu kati ya thelathini.

Kwa Kaka. Nikamwambia toleo la tatu. Alikichukua kimoja akakiinua dirishani, akavaa miwani, akakitazama muda mrefu. Jasho likanitoka. Akaniangalia mimi. Akakirudisha mkononi mwangu, akapanua mdomo.

Nikabandika saba. Havikumchoma. Alifumba macho, uso wote ukalegea, nikaona jinsi ulivyokuwa umekazwa wiki zote hizi. Akasinzia hapo hapo kwenye kiti, mkono wake juu ya mkono wangu. Nikautoa polepole nisimwamshe. Nilikuwa na mambo mengi ya kufanya.

Ijumaa, 14 Machi

Amekula! Nusu bakuli la uji, na yai lililopondwa. Shemeji kaingia jikoni akafungua bomba la maji ili tusimsikie analia. Tulimsikia.

Sauti bado, lakini mnong'ono upo. Kaitikia salamu yangu! Nikakaa mbele yake, simu tayari, nikingoja aseme nimefanya vizuri. Akakohoa kidogo. Akaona bora asijichoshe, akachukua daftari.

KAA.

Nikamuuliza vinachoma hata hivi? Nikainama kumwangalia mdomoni. Shemeji kaja na kitambaa cha mikono, akasoma, akaniangalia, akacheka. Kisha akaona sifanyi mzaha. Akaacha kucheka.

Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Kaa. Kaa kitako. Kaa hapa. Wiki nzima anakuomba ukae naye, shemeji yangu, nawe kila akiandika unatoka mbio.

Kaka alikuwa anaangalia magoti yake, kama ni yeye aliyefanya la aibu.

Nikakaa. Nilivuta kiti karibu kabisa. Tulisikiliza saa ya ukutani. Alinionyesha ndege kwenye waya wa umeme. Nikamwambia naam, ni ndege. Ilikuwa vizuri. Nilikaa dakika kumi na moja nzima, kisha nikakumbuka kwamba mwenye duka la dawa pale sokoni aliwahi kuniambia anapokea bidhaa mpya siku za Ijumaa, mwisho saa kumi.

Nimeahidi kwamba Jumatatu nitashinda naye kutwa. Kutwa nzima! Kaka kainua vidole viwili, kama anavyofanya mtu anayeapa. Nami nikainua viwili.

(Mwenye duka hakuwepo. Kijana wake kasema nirudi Jumatatu saa tisa.)

Jumatatu, 17 Machi

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi nilivaa kwenda kwa Kaka. Nilibeba matunda, yale laini. Nikapita karakanani kuchukua miwani, nikaona pakiti za sampuli hazina karatasi ya maelezo. Nikaandika moja. Ikaharibika. Nikaandika nyingine. Ikawa saa sita.

Saa sita na nusu mke wangu kapiga simu, yuko kwa Kaka. Kasema Kaka anaongea! Anaongea vizuri kabisa, sauti yake ile ile, kavunja ukimya kwa kuuliza nani kahamisha redio yake. Anamwongelesha kila mtu. Ananiulizia. Njoo.

Nikashangilia mpaka kinyozi akachungulia. Nikamwambia mke wangu nakuja. Amwombe tu Kaka asiimalize sauti, aitunze, nina maneno machache ya yeye kusoma. Mke wangu akasema jina langu, jina langu kamili, jambo ambalo halifanyi. Nikasema nakuja, nakuja, napitia dukani mara moja tu.

Saa tisa dukani. Mwenye duka ana mtu. Saa kumi, bado ana mtu. Simu ikalia mara mbili, nikaizima mlio, nisionekane mtu asiye na utulivu. Saa kumi na moja kaniita. Akafungua pakiti, akatoa kiraka, akakinyanyua kwenye taa. Kumbe na yeye ana miwani. Akasoma vile vijiherufi vya pembeni kwa sauti. Jina la kampuni lote. Akauliza hiyo kampuni ni mimi? Nikasema tunashirikiana. Akauliza vipi. Nikasema mimi ni upande wa jalada. Akaniuliza kama nitaondoka mwenyewe au aite mtu.

Nilifika kwa Kaka jua likizama. Geti wazi. Kiti chake kitupu, blanketi limeanguka sakafuni. Jirani alikuwa anafunga madirisha. Kasema homa ilimpanda ghafla saa kumi, kifua kikambana, wamempeleka hospitali kwa gari la watu. Kasema, kama kunipongeza, kwamba aliongea siku nzima. Kwamba tangu stesheni wamkose hawajapata sauti ile tena.

Matunda niliyasahau dukani.

Jumanne, 18 Machi

Kaka amefariki alfajiri.

Alikuwa na kifuniko cha hewa usoni. Hakuongea tena. Nilikaa. Kulikuwa na kiti cha chuma kando ya kitanda chake, nilikaa tangu nilipofika mpaka mwisho, sikusimama hata kunywa maji. Sijui kama alijua.

Ijumaa, 21 Machi

Tumemzika jana. Watu wengi. Wafanyakazi wa stesheni walikuja na sare. Mmoja alitaka kusema machache, akafungua mdomo, akashindwa.

Koti Jeupe naye alikuja, bila koti. Nilimvuta pembeni. Nikamuuliza ile homa, ni kwa sababu ya yule mtu mmoja? Vile viraka vya jikoni? Akasema hapana, ilikuwa mapafu, na yalianza zamani, picha za kifua zilionyesha. Nikamuuliza mara ya pili. Alijibu hivyo hivyo, ila alichelewa kidogo kabla ya kujibu. Sikumuuliza mara ya tatu.

Leo nimekaa na Shemeji. Kanieleza ile siku. Alisema hataki kunieleza kwa kunilaumu, ila maneno ni yangu na hawezi kukaa nayo.

Kila geti lilipolia Kaka aliuliza kama ni mimi. Saa saba, saa nane, saa tisa. Kisha akacheka. Akasimulia kisa ambacho hata yeye mkewe hakuwahi kukisikia. Kwamba kwa miaka thelathini na moja alichelewesha tangazo mara moja tu. Mlinzi wa treni hapulizi kipenga mpaka asikie tangazo, na siku hiyo Kaka aliniona kupitia kioo, kijana, nakimbia na sanduku la usaili wangu wa kwanza wa kazi. Akafunga mdomo. Dakika mbili nzima. Dereva anachungulia, mkuu wa stesheni anagonga kioo, yeye kimya. Akapewa barua ya onyo, akaificha. "Na bado akaikosa," alisema Kaka, akacheka mpaka akakohoa.

Naikumbuka siku ile. Nilisimama mlangoni mwa stesheni kuangalia mkasi uliokuwa unauzwa. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba treni ile iliondoka kabla ya wakati.

Na vile viraka? Alijua. Alijua tangu alipokiinua dirishani. Kasema, mwambieni vile vichungu ndivyo vya kwake, hivi vingine si vyake, asinidhanie mjinga. Lakini kasema hivi pia, na Shemeji alinishika mkono aliponiambia: kwamba manesi, daktari, hata yeye Shemeji, kila aliyemgusa mdomo alimuumiza. Mimi sikumuumiza. Kasema nina mkono mwepesi kuliko watu wote anaowajua. Kasema alitaka kuniambia mwenyewe.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimeviangalia vidole vyangu njia nzima.

Jumatatu, 31 Machi

Shemeji halali. Macho yamemvimba, kope zimekuwa nyekundu kwa kufuta. Anaosha vyombo ambavyo ni safi. Mke wangu anaenda kwake kila siku. Anasema hawaongei sana, wanachambua mchele, basi. Anasema nyumba ile ilizoea sauti na sasa hata mtu akikohoa tu inasaidia. Jana Shemeji kamwagiza: mwambie shemeji aje. Asilete kitu. Aje tu, mchana, tuwe watu.

Bila shaka nitaenda! Lakini mikono mitupu? Baada ya yote?

Nimefikiri siku tatu. Tatizo ni kope. Machozi yana chumvi, chumvi inachoma, kuchoma kunaleta machozi mengine. Sasa ukipata kiraka laini, cha umbo la mwezi mchanga, ukakibandika chini ya jicho, chenye maji ya tango na waridi... Kinanyonya chozi kabla halijafika shavuni. Mtu analia bila kuloana! Wajane wangapi mji huu? Yatima? Watu walioachwa? Na safari hii kila kitu nimechemsha, hata kitoboleo. Sufuria ni yangu mwenyewe, nimenunua. Mkono mwepesi ninao, hilo sasa limethibitishwa.

Asubuhi nimejijaribia. Jicho la kushoto limefunga. Si tatizo kubwa, ni kope mbili tu zimeshikana, naandika haya kwa la kulia. Nimepunguza wanga.

Mke wangu kasimama mlangoni, kashavaa, mkoba mkononi. Ananiangalia tu. Nimemwambia atangulie, amsalimie Shemeji, amwambie niko njiani. Nakata thelathini tu kabla gundi haijakauka.

Sichelewi.